Forester SG5 turbo ya 2004 hapa Mbeya: niirudishe uzima tu, nirimapu, niweke turbo kubwa, au nihamie Mark II 1JZ?

Uyole_XT

Wakuu habari za mapambano. Nina Subaru Forester XT ya 2004, injini EJ205 ya lita 2, otomatiki gia nne. Ikitoka kiwandani ilikuwa na farasi 220. Ndiyo gari pekee nyumbani: inapeleka watoto shule, inanipeleka kazini mjini, inakwenda Kyela kwa wazazi na Dar mara kwa mara. Naipenda na sina mpango wa kuiuza kwa njaa.

Sasa nataka nguvu zaidi, lakini asubuhi iwake na jioni nirudi nayo. Nikipandisha Mlima Nyoka chini ya mizunguko 3,000 inakuwa nzito sana, halafu ndipo turbo, ile pampu ya kusukumia injini hewa ya ziada, inaamka. Nimepewa ushauri wa aina nne. Wa kwanza anasema nirudishe kila kitu kuwa kipya na niache hapo. Mwingine anasema nirimapu kontrol boksi, yaani kupanga upya programu ya kompyuta ya injini, na kubadili ekzosi. Wa tatu anataka niweke turbo kubwa, pampu na nozo. Wa nne anasema niuze, nichukue Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE. Nawasilisha.

Mnyalu_JZX (Iringa)

Mkuu, mimi niko upande wa nne na sifichi. Ninayo Mark II iR-V, JZX110. Ile 1JZ-GTE ni silinda sita, lita 2.5, bloku ya chuma cha kusubu, farasi 280 toka kiwandani. Hiyo 280 ndiyo kikomo ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana kutokuvuka hadi 2004, na mtu yeyote aliyewahi kuigusa anajua ina akiba. Unachokitafuta kwa kuihangaisha EJ, hii inakupa ikiwa haijafunguliwa hata nati.

Ila angalia usije ukanunua Mark II ya GX110 ukadhani ni yenyewe. Hiyo ina 1G-FE isiyo na turbo. Wapo wanaozipandikiza 1JZ, na kazi ikifanywa vizuri ni gari tamu, lakini hesabu giaboksi, waya zote, difu, na usisahau kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo lazima upite TRA kurekebisha. Ukiuziwa gari ambayo namba hazifanani umenunua kesi.

FundiMwanjelwa

Uyole_XT, kabla hatujalinganisha chochote: hiyo gari ina presha ya turbo kiasi gani sasa hivi? Umepima kompresheni? Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Subaru hizi mkanda wake ni wa kilomita laki moja hivi, na ukikatika vali zinapiga pistoni. Usirimapu injini usiyoijua afya yake.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa Dar hawalijui kwa sababu wao wako baharini. Kule hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 101 hivi, yaani kama bar 1. Hapa Mbeya mjini, mita 1,700, tuna kama 83. Injini isiyo na turbo hapa imeshapoteza karibu moja ya sita ya pumzi yake kabla hujawasha. Ya turbo inaweza kujazia, lakini kwa jasho. Ukitaka injini ipate jumla ya bar 1.8, Dar turbo inazidisha hewa mara 1.8 tu. Hapa inabidi izidishe karibu mara 2.2. Inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Hiyo turbo ndogo ya Forester haina akiba kubwa huko juu. Na chini ya mizunguko 3,000, pale inapokuwa haijaamka, unaendesha lita 2 yenye kompresheni ya chini inayovuta hewa nyepesi. Uzito unaousikia Mlima Nyoka sehemu yake ni hiyo. Sehemu nyingine nahisi ni mipira yako ya hewa ya miaka 20.

Mwana_Tukuyu

Mnazungusha sana wakuu. Mimi nimefunga vali ya mkono kwenye mpira wa westigeti, kile kimlango kinachopunguza presha ya turbo, nimesoma geji hadi bar 1 hapa Mbeya, gari inaruka. Hakuna rimapu, hakuna kontrol boksi, fundi hakuchukua hata saa moja.

FundiMwanjelwa

Mwana_Tukuyu, mdogo wangu, nakujibu kwa urefu kwa sababu naona magari ya namna hii yakiletwa kwangu kwa kamba.

Vali ya mkono haijui uko wapi. Inashikilia tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje, basi. Bar 1 hapa Mbeya ni jumla ya bar 1.83. Ukishuka Kyela, karibu na ziwa, hewa ya nje ni kama 0.95, kwa hiyo jumla inakuwa 1.95. Ukifika Dar inazidi bar 2. Hujagusa kitu, lakini injini inalishwa zaidi kadiri unavyoshuka, na huko unakoshuka ndiko kwenye joto. Mafuta nayo: magari haya yalipangiwa petroli ya Japani ya okteni ya juu (okteni ni uwezo wa petroli kuhimili presha bila kulipuka mapema), ambayo kwa kawaida ni 100. Yetu haifiki huko. Joto, presha na okteni ndogo vikikutana, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na kwenye EJ kinachovunjika ni zile kingo nyembamba za pistoni zinazobeba ringi. Hutasikia mlio mkubwa. Utaona moshi, oili inapungua, silinda moja haina kompresheni.

Kontrol boksi ya Subaru inapima hewa ya nje na ina jedwali la kupunguza presha ukiwa mlimani. Huo ndio ulinzi ulioukata na ile vali. Itoe kabla hujashuka Kyela tena.

Mwana_Tukuyu

Hilo la kushuka sikuwahi kulifikiria kabisa. Wiki ijayo nina safari ya Matema, kule kule ziwani. Naitoa kesho, fundi.

MamaK_Njombe

Habari zenu. Nina Toyota Caldina GT-T ya ST215, injini 3S-GTE, farasi 260, inavuta magurudumu yote. Sikuona mtu akiitaja, na kwa mtu wa familia huku Nyanda za Juu ni gari la kufikiriwa. Ubaya wake ni spea. Za Forester ziko kila mahali, za GT-T unaagiza na kusubiri.

Kaka Mnyalu, Mark II yako nzuri kwa lami ya Iringa. Lakini mwenzetu anaishi Uyole na anakwenda Kyela, maana yake anapita Tukuyu, sehemu ya mvua nyingi kuliko karibu zote nchini. Magurudumu ya nyuma peke yake, turbo inayoamka ghafla, kona zile na lami iliyoloa, na watoto nyuma? Mimi nisingebadilisha.

Uyole_XT, nakuomba sana weka kulanti halisi, siyo maji ya bomba. Huku Njombe Juni na Julai barafu inalala kwenye nyasi. Na kwa milima yetu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha ya kwenye mfumo, na presha hiyo inashikwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kikichoka, gari inachemsha kwenye mlima Kitonga na watu wanaanza kulaumu gasketi.

Mnyalu_JZX (Iringa)

Dada hapo kwenye mvua ya Tukuyu umenibana, nakubali. Kwa matumizi yake abaki na magurudumu manne. Ila injini bado nasema ni 1JZ!

Kitonga mmeitaja, niongeze moja kwa sote wenye turbo. Watu wanapanda Kitonga kwa kukanyaga, wanafika Ilula, wanasimama hapo hapo kununua nyanya na vitunguu na kuzima. Turbo bado ni ya moto kupita kiasi, oili imesimama ndani yake, inaungua na kuwa masizi kwenye njia ya beringi. Zile kilomita za mwisho kabla ya kusimama endesha taratibu, kisha iache ingurume kidogo ndipo uzime.

Logi_na_Laptopu

Naongelea rimapu tu. Kwa Subaru kuna programu ya bure inaitwa RomRaider, unaiweka kwenye kompyuta na waya wake, inakusomea presha, kurudishwa nyuma kwa cheche na masahihisho ya mafuta gari ikiwa inatembea. Hata kama hutabadili kitu, irekodi. Mtu anayekurimapia bila kukuonyesha rekodi za kabla na baada, na bila kihisi cha uwiano wa hewa na mafuta kwenye ekzosi, usimwachie gari.

Na mkuu, turbo kubwa kwa otomatiki ya gia nne, kwa mtu anayelalamika chini ya mizunguko 3,000, itazidisha tatizo lile lile. Kubwa inaamka kwa kuchelewa zaidi. Huo ushauri wa tatu ufute.

Uyole_XT

Wakuu nimerudi. Nimekwenda gereji, tumeziba mdomo wa turbo, tukajaza hewa kwa kompresa ya mpigaji wa matairi, presha ndogo tu, tukapaka povu la sabuni. Mpira unaounganisha turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo) ulitoa mapovu makubwa kwenye mpasuko wa upande wa chini, usiouona mpaka utoe intakula yote. Mwingine mdogo ulivuja kwenye gasketi ya vali ya kurudishia hewa. Tumebadilisha vyote, plagi mpya, chujio la hewa. Kompresheni silinda zote nne ziko sawa. Mlima Nyoka jana ilipanda kama gari nyingine kabisa, turbo inaamka mapema zaidi.

Nimeamua kubaki na Forester. Swali: nikienda kwenye rimapu ya wastani, ekzosi nibadilishe kuanzia wapi, na kuna nini cha kufanya kabla?

FundiMwanjelwa

Safi sana. Kabla ya rimapu fanya breki. Gari ikienda kasi zaidi inabidi isimame zaidi, na wewe unashuka Iwambi na Kitonga. Pedi nzuri, diski zisizoyumba, na mafuta ya breki mapya ya DOT 4, kwa sababu ya zamani yamenyonya unyevu na yakipata moto kanyagio linazama. Kwenye mteremko rudisha gia kwa mkono, usiilaze kwenye D. Halafu shokapu na bushi. Hapo tayari una gari ya kukufikisha Dar ukiwa hujachoka, na vibao vya hamsini vya vijijini na tochi vinatugusa wote, farasi 220 au 300.

Kwenye ekzosi, anza kwa kuangalia bomba linalotoka chini ya injini kupanda kwenye turbo. Baadhi ya matoleo lina kichujio cha moshi ndani, na kikizeeka kinamong'onyoka, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Kama lako linacho, liwekwe lisilo nacho kwanza. Bomba la nyuma ya turbo ndilo linalofuata, lakini usilifunge halafu ukaendesha wiki tatu bila rimapu, presha inaweza kupanda yenyewe.

Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na kijiti ukichomoe kila ukijaza mafuta, EJ inakula oili na beringi za konrodi hazisamehe. Ukifungua upande wa turbo, mwambie fundi atazame boliti yenye tundu kwenye mrija wa oili. Ndani kuna kijichujio kidogo kama kofia ya kalamu, na kikiziba turbo inakosa oili.

Presha ukirimapu iwe ya wastani, na rekodi zichukuliwe mara mbili: hapa juu, na tena Kyela mchana wa jua. Ukienda kwa wazazi beba kompyuta. Nitumie faili zote mbili nizitazame kabla hamjaongeza chochote.