Naomba ushauri: riwaya yangu ibaki Lugalo 1891 au niihamishie Chunya?

BintiMwanjelwa
Wakuu habarini. Naishi Mbeya mjini, naandika riwaya ya kusafiri katika wakati na kila Jumapili naweka sura moja kwenye kundi letu la wasomaji. Kijana wa leo anapitiwa na usingizi ndani ya basi la Iringa, anaamka Lugalo, Agosti 1891, siku chache kabla Wahehe hawajauvamia msafara wa kijeshi wa Mjerumani Zelewski. Nimefika sura ya 14 na wasomaji wamegawanyika vibaya. Wengine wanasema Mkwawa, mtemi wa Wahehe, ameandikwa sana, nimpeleke kijana Chunya ya miaka ya 1930, enzi za dhahabu ya Lupa. Wengine wanasema nikithubutu kuhama wanajitoa. Silali. Nifanyeje?

Mzee wa Makongolosi
Njoo Chunya mwanangu. Baba yangu alichekecha mchanga mtoni akiwa kijana. Alituambia mikono ilikuwa inapasuka kwa maji ya alfajiri, na dhahabu ya wiki nzima ilienea kwenye ukucha wa kidole gumba. Hayo nani ameyaandika? Vita kila mtu anavijua.

Mwalimu_Mafinga
Mimi nafundisha historia na nasema baki Lugalo, lakini kijana wako asibadilishe kitu. Mapigano ni tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski anafia pale. Kalenga, ngome ya Mkwawa, inaanguka Oktoba 1894, Mkwawa anajiua Julai 1898, fuvu lake linarudi kutoka Ujerumani 1954. Wanafunzi wangu wakisoma riwaya ambayo Kalenga haikuanguka, nitawafundisha nini Jumatatu?

Kijana wa Uyole
Sasa mwalimu, kama habadilishi kitu, amesafiri kwenda kufanya nini? Kutazama watu wakifa? Raha ya hadithi hizi ni "ingekuwaje". Mimi ningempa Mkwawa habari za mizinga ya Wajerumani mapema, ngome ya Kalenga isingemponza.

Mama Njombe
Jamani, dada kasema halali. Mtu haachi kulala kwa sababu wasomaji wanabishana. Dada, sura 14 umeandika Lugalo, leo unataka kukimbilia Chunya. Kuna nini kwenye sura ya 15? Sema ukweli tukusaidie.

BintiMwanjelwa
Mama, umenishika. Sura ya 15 ndiyo mapigano yenyewe, na yumo babu mzaa babu yangu. Kwenye riwaya ni Mhehe, ana mkuki, yuko mstari wa mbele. Kwa kweli alikuwa Mnyamwezi, mpagazi kwenye msafara wa Wajerumani. Baba amenisimulia tangu nikiwa mdogo. Na ukurasa wa kwanza nimeandika "Kwa babu yangu aliyepigana Lugalo". Nimeshamlipa mchapaji nusu, jalada tayari. Lakini sijadanganya, alikuwepo Lugalo. Na ni riwaya, si kitabu cha historia.

Mwalimu_Mafinga
Kuwepo si kupigana. Ungeandika "aliyekuwepo Lugalo" nisingekuwa na neno.

Ndugu wa Ilula
Hii chai, wakuu. Walete maandazi. Kwanza, ule msafara uliangamizwa asubuhi moja, huyo babu alisalimika vipi? Pili, niliisoma sura yake ya 9 iliposambazwa: kijana anakunywa ulanzi mbichi, pombe ya mianzi, mwezi wa nane! Ulanzi ni wa masika. Mwezi wa nane mianzi imekauka, hugemi kitu. Mtu mwenye baba wa kumsimulia Iringa hawezi kukosea hapo. Huyu anatangaza kitabu.

Mwalimu_Mafinga
La ulanzi uko sahihi. La kusalimika hapana. Kikosi cha nyuma kilirudi na watu waliobaki, wapagazi wakiwemo. Hesabu miaka pia: kijana wa 1891 anaweza kabisa kuwa na mjukuu aliye hai leo.

BintiMwanjelwa
Ndugu wa Ilula, umenichoma lakini umesema haki. Mimi nimezaliwa na kukulia Mbeya. Iringa naipita kwa basi, nikashuka mara moja tu kwenye mnara wa Lugalo pale barabara kuu ya Morogoro. Ulanzi nimekunywa mwezi wa tatu, sikufikiria. Ila babu sijamtunga. Baba anasema alikuwa na kinundu begani kushoto, kikubwa kama limau, cha kubebea mizigo. Watoto walikuwa wanakibonyeza naye anawaacha. Alipokufa bado alikuwa nacho. Niliona aibu kumwandika akibeba mzigo wa Mjerumani wakati kundi zima linamshangilia Mkwawa.

Mama Njombe
Aibu ya nini, mwanangu? Mpagazi ndiye aliyekuwa na njaa kuliko wote pale. Baba yako ameisoma?

BintiMwanjelwa
Hapana.

Mzee wa Makongolosi
Basi mpigie. Chunya haikimbii.

Kijana wa Uyole
Mimi sasa nataka kijana wako akutane na huyo mpagazi usiku wa tarehe 16. Anajua kesho kutatokea nini. Anamwambia akae nyuma ya msafara, au hamwambii? Hapo hata mwalimu hatalalamika.

BintiMwanjelwa
Nimempigia baba jana usiku, nikamweleza yote, hadi ule ukurasa wa kwanza. Alinyamaza muda mrefu nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza kama lile bega nimeliandika. Sijaliandika popote. Mchapaji amenipa hadi Ijumaa.