Unapewa idara ya chuo kikuu uiongoze, hufundishwi chochote, unaambiwa "utazoea"! Hili litaisha lini?

Wakuu, salaam. Nivumilieni, uzi ni mrefu na nina hasira. Nimelikalia jambo hili moyoni miezi mingi.

Mimi ni mhadhiri mwandamizi kwenye chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Chuo sikitaji, na naomba msianze kukisia. Mwaka jana nilipata barua Alhamisi mchana kwamba nimeteuliwa kuwa mkuu wa idara, Jumatatu niwe ofisini. Aliyekuwepo alikuwa anaondoka kwenda masomoni nje. Makabidhiano yalichukua chini ya saa moja: funguo tatu, mafaili yaliyofungwa kwa kamba, na karatasi yenye nywila ya barua pepe ya idara. Nikamuuliza nianzie wapi. Akanishika bega, akasema, "Utazoea tu, hata mimi nilizoea."

Jamani, nimesomea magonjwa ya mihogo. Nimekaa maabara na mashambani miaka mingi, na kila cheo nilichopanda nilipandishwa kwa makala nilizochapisha na wanafunzi niliowasimamia. Hakuna siku hata moja mtu aliniuliza kama naweza kuendesha kikao, kusoma bajeti, au kumwambia mwenzangu kwamba anakosea. Halafu ghafla nina watumishi kumi na tisa, watatu kati yao walinifundisha mimi shahada ya kwanza. Shikamoo naamkia mimi, na barua ya onyo naandika mimi.

Mwezi wa kwanza tu nikakwama kwenye kemikali za maabara. Mwaka wa tatu walikuwa na mazoezi ya vitendo, kabati tupu. Nikaandika dokezo, nikapeleka, nikasubiri. Wiki ya tano ndipo kijana mmoja wa kitengo cha manunuzi, Mungu ambariki, akaniita pembeni: "Dokta, hii haimo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, haiwezi kuingia NeST." NeST ni mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, umeanza 2023, kila ununuzi wa umma unapita humo, na mimi ninayeomba vifaa vya idara nzima sikuwahi kuonyeshwa hata ukurasa wake wa kwanza. Mpango wenyewe ulishafungwa kabla sijateuliwa na idara yetu haikuandika kitu. Wale vijana wamemaliza muhula wakichora kwenye daftari majaribio ambayo hawakuyafanya. Wakienda kazini nao wataambiwa watazoea?

PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ni hivyo hivyo. Ulipochukua nafasi ya mfumo wa zamani, OPRAS, sisi wakuu wa idara ndio tukawa wa kuhakiki kazi za watu na kuwapa alama. Namna ya kubonyeza tulielekezwa. Namna ya kukaa na mtu mzima, umweleze kwa nini alama yake ni ndogo, atoke ofisini akiwa bado ni mwenzako, hiyo hakuna aliyeigusa.

Lakini lililonifanya niandike uzi huu ni hili.

Ijumaa moja jioni, nafunga ofisi, akaja binti wa mwaka wa pili. Hakukaa. Alinyoosha mkono akanipa simu, akasema, "Dokta, naomba usome tu." Zilikuwa meseji za mhadhiri wa idara yangu. Matokeo ya somo lake, nyumba ya wageni, saa. Nakumbuka kioo cha ile simu kilikuwa kimepasuka kona moja na kidole chake gumba kilikuwa kinatetemeka pale pale kwenye ufa. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia aje Jumatatu tuzungumze vizuri. Nilisema hivyo kwa sababu sikujua la kufanya. Nichukue simu? Nimwite mhadhiri? Niandike kwa nani? Niliogopa kuharibu.

Jumatatu hakuja. Nilipomtafuta baada ya wiki, wenzake wakasema amerudi kwao.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ipo tangu 2007, kifungu cha 25 kinasema wazi kwamba kutumia mamlaka kudai ngono ni kosa la jinai. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapo. Chuo chetu kina dawati la jinsia, jengo la utawala, ghorofa ya kwanza, nalipita kila siku nikienda kusaini. Vyote hivyo nilikuja kuvisoma mwenyewe usiku, baada ya yule mtoto kuondoka. Kosa ni langu, silikwepi, nalala nalo. Ila nauliza: aliyenipa barua ya kuongoza watu bila kunifundisha hata saa moja mwanafunzi akija na shida kama hiyo nifanye nini, yeye hana kosa?

Sasa msiniambie nchi haijui umuhimu wa mafunzo ya uongozi. Bagamoyo kuna ADEM, wakala wa serikali kabisa, kazi yake ni kufundisha uongozi na usimamizi wa elimu. Walimu wakuu wa shule za msingi na wakuu wa sekondari wanapita pale. Juu kuna Taasisi ya Uongozi, tangu 2010, inanoa viongozi wa ngazi za juu. Hapo katikati, mtu anayeongoza wahadhiri ishirini na wanafunzi mia sita ameachwa na Mungu wake. Na mradi wa elimu ya juu wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, unajenga madarasa na maabara na unasomesha wahadhiri. Nashukuru kwa dhati, tulikuwa na hali mbaya. Lakini maabara ikikamilika, mtu wa kuipangia kemikali ni yule yule aliyepewa funguo tatu.

Wenzetu walishaliona. Afrika Kusini vyuo vikuu vina programu yao ya pamoja inaitwa HELM, ni ya uongozi na usimamizi wa vyuo tu. Marekani tangu 1965 baraza lao la elimu, ACE, linachukua wahadhiri wenye dalili za uongozi na kuwaweka karibu na wakuu wa vyuo vingine, waone kwa macho maamuzi yanavyofanyika. Wajerumani wameendesha kozi ya wakuu wa vitivo kutoka nchi zinazoendelea, chuo cha Osnabrück kikishiriki, na Waafrika wamepata nafasi. Nafasi zenyewe ni chache, na kwetu tangazo la aina hiyo likifika huwa limeshaisha muda au jina limeshajazwa.

Tulichopata sisi ni semina ya siku mbili hotelini, mwezi wa nane tangu niteuliwe. Asubuhi ya kwanza iliishia kwenye utambulisho na hotuba ya ufunguzi. Baada ya chai tukaonyeshwa slaidi za sifa za kiongozi bora. Nikanyoosha mkono nikauliza: mhadhiri amekaa na mitihani wiki tatu hajasahihisha, bodi ya kitivo inakaa keshokutwa, na huyo mhadhiri ndiye aliyenisimamia mimi shahada ya uzamili, nafanyaje? Mwezeshaji akajibu, "Hapo unatumia hekima." Wenzangu kama wanane waliinua vichwa, maana wote walikuwa na swali hilo hilo. Tukapiga picha ya pamoja, tukapewa vyeti.

Najua kuna watakaokuja kusema uongozi ni kipaji, au kwamba ningekataa uteuzi. Kukataa kwetu ni kuitwa mkaidi, na barua ya kupanda cheo inapita mezani kwa mtu yule yule uliyemkatalia. Na kipaji hakikuambii mpango wa manunuzi unafungwa lini.

Ninachotaka si kikubwa. Mtu ateuliwe mapema, akae na anayeondoka muhula mmoja mzima, aingie naye vikaoni, afungue naye mafaili, aandike naye bajeti. Afundishwe na mtu wa manunuzi, wa utumishi, wa sheria, wa dawati la jinsia, kila mmoja kwa mifano ya hapa hapa chuoni. Wakuu wa idara tukutane kila mwezi bila bahasha wala hoteli, tuelezane yaliyotukwamisha. Na miaka mitatu ya kuongoza idara ihesabiwe tunapoomba kupanda cheo, maana sasa hivi anayeongoza vizuri anabaki nyuma kwa makala kuliko aliyejifungia ofisini kwake.

Wiki ijayo bodi ya kitivo inakaa na nimeomba hoja yangu iwekwe kwenye ajenda. Nahitaji mifano. Kama uko chuo, cha umma au binafsi, Bara au Zanzibar, ambako ulifundishwa kabla ya kukabidhiwa ofisi, niandikie hapa: zilikuwa siku ngapi, nani alifundisha, na ni kitu gani ulikitumia kweli siku ya kwanza kazini. Na kama kuna mkuu wa idara aliyewahi kuonyeshwa na mwanafunzi meseji kama zile nilizoonyeshwa mimi Ijumaa ile, akafanya sawasawa, tafadhali nieleze hatua kwa hatua ulivyofanya.