Kwa nini watoto wengi hawarudi kupata dozi ya pili ya surua na rubela?

Swali
Ndugu zangu, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Tanzania. Katika kitongoji changu karibu kila mama hukamilisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wengi humleta mtoto akitimiza miezi 9 ili achanjwe surua na rubela, lakini ikifika miezi 18, wakati wa dozi ya pili, hawaonekani. Nikiwatembelea nyumbani sikuti mtu anayeipinga chanjo. Kinachowazuia ni nini?

Muuguzi wa kliniki ya watoto
Dozi hiyo iliingia katika ratiba yetu mwaka 2014, kwa hiyo bibi anayemshauri mama kijana bado anajua kwamba surua ya miezi 9 ndiyo ya mwisho. Nasi wauguzi hulikoleza kosa hilo tunapomrudishia mama kadi na kumwambia, "Hongera, umemaliza." Aelezwe siku hiyohiyo kwamba katika umri wa miezi 9 kinga hujengeka kwa takriban watoto 85 kati ya 100, kwa kuwa wengine bado wana kinga waliyorithi kwa mama zao, nayo huizuia chanjo kufanya kazi, dozi ya pili ndiyo inayowapa nafasi waliokosa.

Mama wa watoto watatu
Mimi nilielezwa vizuri, na nilirudi. Nilifunga genge langu, nikapanda bodaboda hadi kituoni, nikaambiwa kwamba watoto waliofika ni wawili tu, hivyo kichupa hakiwezi kufunguliwa. Mwanangu alichanjwa safari ya tatu. Jirani yangu tuliyerudishwa naye siku ile hakwenda tena, na inaniuma kila nikisikia akiitwa mzembe.

Muuguzi wa kliniki ya watoto
Pole sana, mama. Kichupa cha dozi 10 kikishachanganywa hakiruhusiwi kutumika muda wa saa 6 ukishapita, na muuguzi huogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizomwagwa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linahimiza kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi zilizomwagwa huagizwa nyingine, ilhali mtoto aliyerudishwa nyumbani huenda asionekane tena.

Baba wa mtoto mmoja
Naongeza la muda. Miezi 9 katikati ni mingi: mtoto ameshaanza kutembea, mama amerudi shambani, safari za kupima uzito zimekoma, na pengine familia imehama na kadi imepotea. Sisi akina baba hatuijui hata tarehe, kwa sababu hakuna anayetuambia wala hatuulizi.

Mwuliza swali
Nimewaelewa, na nawashukuru. Nitaandika katika daftari langu kila mtoto atakayetimiza miezi 18 mwezi ujao, kisha nikubaliane na muuguzi wetu siku moja ya kuwaleta wote pamoja. Namba ya simu ya baba nitaiandika kando ya ile ya mama.