Nyumba ya kupangisha kwa siku Mbeya: nikate bima gani?

Tegemeo_Forest
Wakuu habari za jioni. Nyumba ipo Forest Mpya, vyumba vitatu, tofali za saruji, bati, sebuleni kuna meko ya kuni. Mwezi ujao naanza kupokea wageni wa siku mbili tatu, wengine kupitia Airbnb, wengine wa kupiga simu tu. Vyombo vya ndani ni kama milioni 18. Wakala ameniletea bima ya nyumba ya makazi, anasema yatosha. Ni kweli? Na ile AirCover, ulinzi ambao Airbnb huwapa wenyeji, si inafanya kazi hiyohiyo?

Dalali_Mstaafu
Haitoshi mkuu. Bima ya makazi imepigiwa hesabu ya familia inayolala humo, siyo sura mpya kila Ijumaa. Kwenye fomu ya maombi kuna sehemu ya matumizi ya jengo. Ukiandika "makazi", siku moto ukitokea na ndani kuna mgeni wa kulipia, mkadiriaji hasara atalikuta tangazo lako mtandaoni kabla chai haijapoa, na dai linakataliwa kwa kuficha taarifa. Andika "kupangisha wageni kwa siku", kubali ada ipande. Wakala akisema mtarekebisha baadaye, dai nyongeza ya mkataba kwa maandishi kutoka kampuni yenyewe.

Soma pia kifungu cha nyumba kukaa tupu. Mikataba mingi huweka siku 30. Zikipita bila mtu kulala humo, wizi na mabomba yaliyopasuka havilipwi. Kipindi wageni wamekatika, weka mtu alale au wape kampuni taarifa.

Mnyalu_Gangilonga
Kamwene. Mie naongezea kwenye kiasi cha bima, ndiko watu wanakolia. Usiweke bei ya kuuzia nyumba, kiwanja hakiungui. Weka gharama ya kujenga upya: msingi hadi bati, uzio, geti, simtanki, shimo la maji taka, kuzoa kifusi, ada ya mchoraji. Mkadiriaji majenzi atakupa hiyo namba. Ukiipunguza ili ada iwe ndogo unakatwa kwa uwiano. Mfano: kujenga upya ni milioni 120, umekatia 60, jiko limeungua la milioni 20. Unalipwa 10, na bado hawajatoa ekisesi, ile sehemu ya hasara unayojibebea mwenyewe.

Sasa vyombo. Bima ya wizi kwa kawaida hulipa penye alama za kuvunja: kitasa kimeng'olewa, nondo ya dirisha imekatwa. Mgeni uliyempa funguo kwa mkono wako akiondoka na TV, hakuna kilichovunjwa, kwa hiyo hakuna fidia. Omba nyongeza ya wizi unaofanywa na wageni. Wakigoma, chukua amana na nakala ya kitambulisho. Orodhesha vyombo chumba kwa chumba, piga picha, na risiti za EFD usiziweke kwenye kabati la nyumba hiyohiyo. Risiti iliyoungua pamoja na friji haimsaidii mtu.

Kiazi_Mviringo
Wakuu mmesahau dhima kwa wageni, yaani fidia unayodaiwa mgeni akiumia kwako, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai ndiyo ya kwanza. Mgeni anasikia baridi saa nane usiku, anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha. Hewa ya sumu haina harufu. Bima ya jengo hailipi mtu aliyeumia wala aliyefariki. Hiyo ni bima ya dhima kwa umma, ulizia kikomo kwa tukio moja na kwa mwaka. Bomba la moshi la meko lisafishwe kila mwaka kabla ya baridi, tunza risiti ya fundi, maana wataiuliza.

AirCover: ulinzi wa mali kwa mwenyeji unafika dola milioni 3, ila wao wenyewe wanasema siyo mkataba wa bima, na ombi la fidia linapelekwa ndani ya siku 14 tangu mgeni aliyeharibu atoke. Dhima ni hadi dola milioni 1. Wale wako wa kupiga simu hawamo kabisa.

Halafu majanga. Moto na radi viko kwenye mkataba wa msingi. Tetemeko, mafuriko na maporomoko mara nyingi ni nyongeza, kila moja kivyake. Tupo kwenye Bonde la Ufa, na tope la Mlima Kawetere lililoshukia Itezi Aprili 2024 lilikuwa poromoko. Usikubali jibu la "mafuriko yamo" kama nyumba ipo kwenye mteremko.

Tegemeo_Forest
Ndaga fijo wakuu. Nikishalipa, kuna la kukagua?

Dalali_Mstaafu
Ada ina VAT juu yake, ulizia jumla mapema. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, siyo simu ya wakala. Kisha hakiki kovanoti, ile hati ya kuthibitisha umekatiwa bima, kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, siku hiyohiyo, na usome neno lililoandikwa penye matumizi ya jengo. Likiwa "makazi", irudishe kabla mgeni wa kwanza hajafika.