Mjadala: Panya, paka na nguruwe. Je, Maus kiingie shuleni kwetu Uganda?

Mwalimu wa Masaka (mwanzisha mada):
Ndugu zangu, naomba hili tulijadili bila matusi. Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita, na nimependekeza Maus (ni neno la Kijerumani, maana yake panya), kitabu cha katuni cha Art Spiegelman, kiwekwe maktaba yetu. Kwa asiyekijua: Spiegelman alitoka kwenye katuni za chinichini za Marekani, zile ambazo maduka ya kawaida hayakuzitaka. Mwaka 1972 alichora kurasa tatu kuhusu baba yake, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kurasa hizo ndizo zilizozaa riwaya yake ya kwanza ya picha: juzuu la kwanza 1986, la pili 1991, na 1992 akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Wayahudi amewachora panya, Wajerumani paka, Wapoland nguruwe.

Walimu wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema katuni ni za watoto, hao siwajibu. Wapo wanaosema kwamba huku kwetu Maziwa Makuu, kumchora mtu kama mnyama kwa sababu ya kabila lake ni hatari. Hao sina jibu lao bado. Mnasemaje?

Mzazi wa Bombo:
Mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua. Mimi napinga. Marekani kwenyewe, bodi ya shule za McMinn, Tennessee, ilikitoa darasani Januari 2022 kwa kura 10 bila hata moja ya kupinga. Walitaja matusi na picha ya uchi. Sasa wao wakikikataa, sisi tukipokee kwa nini?

Mchoraji, Nasser Road:
Mzazi, hebu iangalie picha yenyewe. Ni mchoro mdogo wa mama yake mwandishi, amekufa ndani ya beseni la kuogea baada ya kujiua. Mtoto wako akitamani chochote hapo, tatizo si kitabu. Na baada ya kura ile watu walikigombania mpaka kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa zaidi. Tusihangaike na uchi, twende kwenye wanyama.

Wa Kasensero:
Twende, basi. Mimi ni wa huku ziwani Victoria. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, mto Kagera ulituletea maiti kutoka Rwanda, siku baada ya siku. Wazee wetu waliwaopoa na kuwazika hapa Kasensero, wengine Lambu, wengine Ggolo. Watu waliacha kula samaki. Sasa, kabla ya panga kulikuwa na redio. Inyenzi, mende, lilikuwa jina la wapiganaji wa Kitutsi wa miaka ya 1960. RTLM, redio ya Wahutu wenye siasa kali, ikalibandika kwa Watutsi wote, mpaka kichanga mgongoni. Ndiyo maana nauliza: mtoto wa miaka kumi na saba akifungua kitabu akakuta taifa zima ni nguruwe, ataona ufundi wa msanii au atapata ruhusa? Wapoland wenyewe walikasirika; kilipotoka kwa lugha yao 2001, waandamanaji walikichoma.

Mwanafunzi, Makerere:
Kaka, uchungu wako nauelewa, lakini umekisoma mpaka mwisho? Ukurasa wa mbele wa juzuu la kwanza una maneno ya Hitler kwamba Wayahudi ni jamii, ila si binadamu. Filamu ya propaganda ya Wanazi ya 1940 ilikuwa imeshawalinganisha na panya. Spiegelman hakubuni tusi hilo. Kalichukua lilivyo, kalivaa, halafu kalichana mbele yetu. Baba yake akijifanya Mpoland anavaa kinyago cha nguruwe. Mama naye anajifanya hivyo hivyo, lakini mkia wa panya umechungulia chini ya koti! Katika juzuu la pili mchoraji mwenyewe yuko mezani, ni binadamu aliyefunga kinyago cha panya kwa kamba. Ukishaiona kamba, huwezi tena kuamini kwamba kuna panya.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi Waafrika. Katika juzuu hilohilo la pili, mke wa mwandishi anampa lifti mtu mweusi njiani, na mzee yuleyule aliyetoka Auschwitz anaanza kumtukana kwa rangi yake. Mwandishi hakumficha baba yake.

Mzee wa Mengo:
Wajukuu, mnazungumza kana kwamba kuitwa mnyama ni tusi kila mahali. Sisi Baganda kila ukoo una mnyama wake: mimi ni wa Ngeye, yaani mbega. Yupo wa Nkima, yaani kima, yupo wa Mmamba, yule samaki kamongo, na hakuna anayeona haya. Mnyama wako humli, unamlinda. Mtoto wa Masaka ataingia kwenye kitabu hicho na ujuzi ambao yule wa Tennessee hana.

Wa Kasensero:
Mzee wetu, kwa heshima zote: muziro, huyo mnyama wa ukoo, umeupokea kwa baba yako. Inyenzi uliitwa na mtu anayetaka kukuua. Halafu muziro hautenganishi makabila, unagawa ukoo na ukoo ndani ya Buganda ileile.

Mchoraji, Nasser Road:
Hapo wa Kasensero kanishika. Niseme ukweli, nami nachora riwaya yangu ya kwanza, kuhusu vita vya Luweero, vile vya msituni vya miaka ya 1980 hapa Uganda. Nilijaribu wanyama nikaacha. Kila niliyemwonyesha aliuliza kwanza, “Huyu mbwa ni kabila gani?” Hadithi yenyewe hawakuiuliza tena. Nimebaki na sura za watu. Kazi ya kuogofya nimeiachia lugha: viputo vyote vya maneno ni Kiluganda, isipokuwa vya askari. Wao wanasema Kiswahili, “Panda gari!”, amri ya askari walipokuwa wakizoa raia na kuwapakia kwenye malori. Aliyekuwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji nimchoree meno ya paka.

Lakini mimi kukataa mbinu ile katika kazi yangu si sababu ya kumnyima mwanafunzi kitabu. Nisingejua cha kukataa kama nisingekisoma.

Mzazi wa Bombo:
Kumbe na Kiswahili chetu nacho umekigeuza paka! Sisi Wanubi wa Bombo nasi tunakisema, kaka. Uwe makini na viputo vyako.

Mchoraji, Nasser Road:
Umenipata, dada. Nitamweka na mama mmoja wa Bombo anayemficha jirani yake kwa Kiswahili hichohicho.

Mwalimu wa Masaka:
Nimesikia. Nitaomba juzuu zote mbili au nisiombe kabisa, maana la kwanza peke yake halina yule mchoraji mwenye kinyago cha panya wala ile lifti. Hakitaazimwa kwenda nacho bweni. Tutakisoma darasani, kidato cha sita tu, baada ya somo la Rwanda na si kabla. Na wewe wa Kasensero, nakuomba uje siku hiyo useme haya uliyoyasema hapa.

Wa Kasensero:
Nitakuja, lakini nitakuja kupinga.

Mzazi wa Bombo:
Na hela ya vitabu inatoka wapi? Isije ikaingizwa kwenye ada.