Feydeau kwa kodi ya wananchi: sanaa au milango tu?

Msafiri wa Metro
Wadau, heshima kwenu. Niko Paris kwa muda sasa na kuna jambo linanikera. Comédie-Française ni jumba la tamthilia la taifa, limeanzishwa 1680, na serikali inaligharamia. Ukiingia pale unategemea Racine au Molière, magwiji wa tamthilia wa karne ya 17. Mwaka 2019 wakaweka La Puce à l'oreille ya Georges Feydeau, kitu cha 1907. Mke, Raymonde, anapata kifurushi: mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali ya mumewe, imerudishwa na hoteli isiyo na sifa njema. Anashuku. Anamwomba shoga yake amwandikie mume barua ya mapenzi isiyo na jina, waone kama atanasa. Baada ya hapo ni milango kufunguliwa na kubamizwa, watu kujificha, na Mhispania mwenye bastola akiwakimbiza. Mwananchi alipie hiki? Nawasilisha.

Tarumbeta
Mkuu, umeruka utamu wote. Shoga aliyeandika barua ni mke wa huyo huyo Mhispania. Mume anaipata, anajitazama, anaona hakuna mwanamke wa kumtamani kiasi hicho. Lazima anayetakiwa ni rafiki yake Tournel. Basi anaionyesha kwa watu kama kichekesho. Na mmojawapo ni nani? Homenidès, Mhispania, anayeujua mwandiko wa mkewe! Hakuna aliyefanya la kijinga hapo. Kila mmoja katumia akili yake, na akili hizo ndizo zinazowakusanya wote hoteli moja, jioni moja. Jaribu kupanga hivyo uone kama utalala. John Cleese wa Fawlty Towers, kile kichekesho cha televisheni ya Uingereza, baada ya vipindi 12 tu (1975 na 1979) vilivyompa jina dunia nzima, alikuja kuandika upya tamthilia ya Feydeau. Angehangaika na milango mitupu?
Halafu kuna yule Camille asiyeweza kutamka konsonanti, anaongea irabu tupu. Nilicheka mpaka nikaona haya.

Mama Wawili
Uliona haya, vizuri. Mwanangu wa pili alizaliwa kaakaa limepasuka. Kafanyiwa upasuaji, bado kuna herufi zinamshinda. Njoo nyumbani umkute anaomba maji, ucheke mpaka uone haya tena. Eti sanaa.

Tarumbeta
Dada, pole kwa mtoto, lakini usinibebeshe mzigo usio wangu. Nimemtaja mhusika wa tamthilia. Sijamtaja mwanao.

Mama Wawili
Mhusika kachukuliwa wapi, mwezini? Mnacheka kilema halafu mnajificha nyuma ya neno mhusika.

Kadogo Lushi
Bonjour wote. Mimi niko Lubumbashi, ile tamthilia nimeisoma kwa Kifaransa. Mama, naomba unisikilize bila hasira. Camille ana shida ya kaakaa, kweli, na daktari Finache anamletea kaakaa la fedha. Akilivaa anasema sawasawa kama sisi. Nyumbani wanamwona mtakatifu, kijana mnyonge, hana hata wazo baya. Kumbe ile mikanda iliyoleta fujo yote, mjomba… hapana, binamu yake, yule mume wa Raymonde, alimpa yeye, na ni yeye aliyeiacha hotelini! Tena hiyo jioni anarudi na mpishi wa nyumba, Antoinette, mke wa mtumishi Étienne. Feydeau anawacheka wale wanaodhani mtu asiyesema vizuri hana tamaa wala siri.

Kifimbo
Huyo Antoinette ni mke wa mtu? Haya, sasa naitafuta.

Mama Wawili
«Bila hasira.» Nani kakwambia nina hasira? Mwanamke akisema jambo ana hasira, mwanamume akisema ana hoja.

Msafiri wa Metro
Jamani, swali langu lilikuwa la kodi.

Mwalimu Mstaafu
Watoto wangu, ugomvi huu una zaidi ya miaka 300. Molière mwenyewe aliponzwa na gunia. Katika Les Fourberies de Scapin ya 1671, Scapin anamdanganya mzee Géronte kwamba wauaji wanamtafuta, anamwingiza guniani, kisha anambadilishia sauti, mara Mgaskoni, mtu wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, mara mtu mwingine, na kila sauti inakuja na fimbo. Mzee analia ndani, Scapin naye nje analalamika kwamba yeye ndiye anayepigwa! Mpaka Géronte anatoa kichwa na kuiona fimbo mkononi mwa nani. Boileau, mkosoaji mkubwa, akaandika mwaka 1674 kwamba ndani ya gunia lile hamtambui tena mwandishi wa Le Misanthrope, tamthilia nzito ya Molière huyo huyo. Leo zote mbili zinachezwa Comédie-Française, na ukumbi hauulizi ipi nzito.

Tarumbeta
Asante sana mwalimu. Na huyo Molière alifia jukwaani akichekesha. Mnataka ushahidi gani?

Kadogo Lushi
Hakufia jukwaani. Alimaliza onyesho la Le Malade imaginaire tarehe 17 Februari 1673, akabebwa nyumbani, akafa usiku huo.

Tarumbeta
Yale yale. Alikuwa njiani.

Kifimbo
Na Feydeau je? Nimesoma aliishia kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, anajiita Napoleon III, yule mtawala wa zamani wa Ufaransa. Labda ile milango ilimrudi.

Mama Wawili
Mnaona? Tumetoka kwa mtoto wangu, sasa ni mgonjwa wa akili. Zamu ya kipofu ni lini?

Kifimbo
Bibie, nimesimulia historia tu. Alikufa 1921, kaswende ilimpanda kichwani.

Tanga Raha
Nimeusoma uzi wote. Kuna mtu kashangaa mtu kujificha kwa kuogopa fumanizi, kama vile Wafaransa ndio waliovumbua uvungu. Mzee Majuto aliwahitaji wapi hao? Fumanizi halina pasi ya kusafiria.

Tarumbeta
Hakuna aliyesema hivyo. Ila uvungu wa Feydeau una mtambo. Pale hotelini ukibonyeza kitufe, kitanda kinazunguka pamoja na ukuta na kuleta chumba cha jirani. Polisi wakija hawakuti wapenzi, wanamkuta mzee Baptistin kalala analalamika baridi yabisi. Mzee kaajiriwa kwa kazi hiyo hiyo! Mwigizaji mmoja pia anacheza watu wawili, tajiri Chandebise, yule mume wa Raymonde, na mlevi Poche, mbeba mizigo wa hoteli, kwa hiyo nyuma ya pazia kuna mtu anabadilisha nguo roho mkononi.

Tanga Raha
Kuajiriwa kuumwa baridi yabisi! Hiyo kazi naiomba.

Msafiri wa Metro
Kodi, ndugu zangu. Kitanda hicho kinachozunguka kimejengwa kwa pesa ya nani?

Mwalimu Mstaafu
Ya wenye tikiti pamoja na ya hazina, mwanangu, kama gunia la Scapin. Mama Wawili, Molière anapatikana kwa Kiswahili, Tabibu Asiyependa Utabibu, tafsiri ya Morrison. Mle anayechekwa ni daktari.

Mama Wawili
Hiyo nitaisoma, mwalimu. Mwenye nakala anitumie ujumbe. Tarumbeta usinitumie.