Yule mama wa miche leo amenivua nguo mbele ya mama mchungaji

Mzee wa Sakina:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, makosa ya uandishi mnivumilie.

Yule mama wa miche. Jina sitaji, kona sitaji, mnamjua. Hapa Arusha, kuanzia Kijenge hadi Ngaramtoni, hakuna mwenye ua getini ambaye hajawahi kupigwa na yule mama. Yule wa kofia pana, anayekuita "mpenzi" mpaka hela iingie kwenye kanga, baada ya hapo hakujui.

Leo kaniambia, mbele ya wateja, mbele ya kijana wake wa kumwagilia, na mbele ya mama mchungaji wa usharika wetu aliyekuja kuchukua waridi: "Mwanangu, wewe hujapanda. Umezika. Nenda kaanue tanga."

Tanga. Mimi. Na mama mchungaji akacheka! Alijificha nyuma ya boganvilia lakini mabega nilikuwa nayaona yanavyoruka.

Kisa chenyewe: nilitaka ua la kumfunga mdomo jirani yangu anayeringia hidrenja. Yule mama akanitolea kipakiti chenye picha ya ua la bluu na jeupe, petali tano, kila moja ina kamkia kanakorudi nyuma. "Hii kolambaini, mpenzi. Inapenda baridi, Chuga hii ndiyo kwake." Bei aliyotaja nikadhani kuna hati ya kiwanja ndani. Nafungua nyumbani, tumbegu tweusi tunang'aa, tudogo, nikapiga chafya nusu ya mtaji ikahamia kwa jirani.

Nikafanya anachofanya kila mtoto wa mkulima. Nikachimba, nikafukia, nikamwagilia asubuhi na jioni. Usiku natoka na tochi kuchungulia hadi mlinzi wa mtaa akaanza kunifuatilia. Kilichoota ni mchicha. Mzuri, tumeshaula, lakini ni mchicha.

Leo nimeenda kwa adabu zote. "Shikamoo mama, zile mbegu mbona kimya?" Akaitika, akauliza nilizifukia? Nikasema ndiyo, kina cha kidole. Akafuta mikono kwenye kanga taratiiibu, kidole kimoja kimoja, akawageukia wateja, ndipo akatoa hiyo ya kuzika. Eti zile hazifukiwi, zinataka mwanga, tena zilitakiwa zikae kwanza kwenye friji. Friji! Friji yangu mimi ina makopo ya aiskrimu yenye maharage, mbegu itakaa wapi? Nikamuuliza hivyohivyo. Akajibu: "Basi ndiyo maana. Hizi huanzia mochwari ndipo zifufuke, wewe umekimbilia makaburini." Kijana wa kumwagilia akaangusha mpira, nikalowa suruali.

Nimelowa, nimeambiwa nikaanue tanga, mama mchungaji anacheka. Yule mama ni mtu kweli?

Mbu wa Themi:
Pole na msiba mkuu. Tanga linaanuliwa lini tuje na mchele?

Kiroba cha Mkaa:
Uzi bila picha ya kaburi ni chai.

Dogo Unga Ltd:
Rambirambi tutume namba ipi? Na marehemu ameacha wajane wangapi?

Mzee wa Sakina:
Nimekuja kutafuta faraja nyie mnachanga mchele. Mtu anakwambia UMEZIKA mbele ya mama wa kanisa, Jumapili unaingiaje mlango ule?

Mbu wa Themi:
Ingia na kitambaa cheusi mkononi.

Mama Gazania:
Tuache utani kidogo. Mama yenu ana mdomo mchafu lakini hakudanganya. Kolambaini, wataalamu wanaiita Aquilegia, kwao ni nchi zenye majira ya baridi kali. Mbegu yake inangoja mpaka ihisi hiyo baridi imepita ndipo iamke, na sisi huku tunaidanganya kwa friji. Unazifunga kwenye tishu yenye unyevu, unatia kwenye kikopo, unaweka chini kwenye mboga, SIO friza, wiki tatu nne, wengine hata sita. Ukizitoa unazinyunyiza juu ya udongo laini, unazigandamiza kwa kiganja, basi. Maji kwa chupa ya spreyi, ukimimina kwa kopo zote zinakusanyika kona moja. Mwanga uwepo ila sio jua la saa saba, na joto liwe nyuzi 15 hadi 20. Bado utasubiri wiki tatu au nne, nyingine zinapitisha mwezi. Miche usichelewe kuihamisha, mzizi wake unashuka chini sana na haupendi kung'olewa ukishakua. Na maua mwaka huu sahau, mara nyingi ni mwaka wa pili.

Mzee wa Sakina:
MWAKA WA PILI???? Yule mama hakutamka mwaka wa pili! Alitamka "mpenzi"! Mpaka mwaka wa pili jirani na hidrenja zake si atakuwa ameshahamia Dodoma?

Kiroba cha Mkaa:
Kwa hiyo friji, halafu mwanga, halafu miaka miwili. Hilo ni ua au digrii?

Bodaboda Mstaafu:
Mimi yule mama nilinunua petunia kwake, zilitoka vizuri tu. Tatizo lenu mkipewa maelekezo akili iko kwenye chenji.

Mzee wa Sakina:
Wewe ndiye kijana wa kumwagilia. Nimekujua. Nikudai suruali au nisikudai?

Ndizi Mshare:
Watu wa Arusha mnadeka. Mko mita 1,400 huko, Julai mnavaa makoti mawili. Mimi niko Pasua, Moshi mjini, mita mia nane na kitu, Februari hata kuta zinatoka jasho. Nilifanya yote aliyosema Mama Gazania. Zikaota! Nikaita watu! Zikafika majani mawili. Asubuhi nakuta zimelala kifudifudi zote, vishina vimesinyaa pale usawa wa udongo.

Mama Gazania:
Huo ni ukungu. Uliloweka mno, na nahisi udongo ulitoa zizini moja kwa moja.

Ndizi Mshare:
Samadi ya ng'ombe wa shemeji, bado inatoa moshi.

Mama Gazania:
Ndiyo hiyo. Chekecha udongo uchanganye na mchanga, acha juu pakauke kidogo kabla ya kunyunyiza tena. Na kama una ndugu Kibosho au Marangu mpelekee kule juu, mjini kwenu ni kuitesa.

Ndizi Mshare:
Ndugu wa Kibosho nikimpelekea maua ataniuliza yanaliwa.

Shangazi wa Njiro:
Afadhali nyie mlifika hata kwenye udongo. Mimi zangu zimelala kwenye friji vizuri, dada wa kazi akadhani ni pilipili manga. Zilikuwa zimeshaingia kwenye kinu na vitunguu saumu, nimeziwahi kwa sekunde.

Mama Gazania:
Mshukuru Mungu sana. Mbegu na mizizi ya huo mmea vina sumu. Kikopo kiandikwe, kikae mbali na viungo na watoto.

Dogo Unga Ltd:
Hapo sasa tanga lingekuwa la kweli.

Kiroba cha Mkaa:
Kwangu umeme ulikatika hadi friji ikawa kabati. Mbegu zenyewe zimechanganyikiwa, hazijui ni Desemba au Juni.

Mwana wa Tengeru:
Mimi nilipewa mbegu na mzungu mmoja wa Usa River, ua lake bluu na jeupe, lile ambalo jimbo la Colorado kule Marekani walilifanya ua lao tangu 1899. Nimelea, nimesubiri, limekuja kutoka pinki. Pinki yenyewe imepauka, shati limefuliwa na jiki. Nimeibiwa au vipi?

Mama Gazania:
Hujaibiwa. Hizo nyuki wanazichanganya ovyo. Kama alikuwa na aina mbili bustanini, mbegu inatoka na rangi inayoijua yenyewe.

Mzee wa Sakina:
Naomba turudi kwenye mada. Mama mchungaji ALICHEKA.

Babu Hass:
Mnalilia maua? Maua? Mimi niliuziwa miche ya parachichi, naambiwa Hass, soko la nje, utalipwa kwa dola. Nimemwagilia, nimeweka fensi. Imezaa maparachichi ya kienyeji, moja tu linajaza sinia, ngozi laini ya kijani, mnunuzi kaja kaangalia kaondoka hata maji hakunywa.

Mwana wa Tengeru:
Subiri. Yule wa pikapu ya bluu?

Babu Hass:
Huyohuyo!

Shangazi wa Njiro:
Mwenye jino la dhahabu? Anayekuja na kitabu cha risiti kisicho na kaboni?

Babu Hass:
HUYOHUYO!!

Ndizi Mshare:
Jamani huyo kafika hadi Machame. Mjomba wangu ana ekari nzima ya Hass zake za uongo, mbwa ndio wanakula.

Mama Gazania:
Mche wa Hass hubebeshwa. Angalia chini ya shina, lazima kuwe na kovu pale walipounganisha. Ukiona shina limenyooka halina alama, hilo limetoka kwenye kokwa, huwezi kujua litazaa nini.

Bodaboda Mstaafu:
Mimi niliyonayo ina kovu.

Babu Hass:
Piga picha tuone, hilo kovu wengine wanachora na kisu.

Mzee wa Sakina:
Wakuu?

Mbu wa Themi:
Mzee wa Sakina fungua uzi wako, huu ni wa parachichi. Babu Hass, pikapu ya bluu mara ya mwisho imeonekana wapi? Kuna watu Kwa Mrombo kesho wanapokea miche.